Mkunga na Kijiti Chenye Ufa

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi wote uko kwa Mola, kwamba katika kijiji kimoja cha milimani huko Japani, zama wanawake walipopewa haki ya kura kwa mara ya kwanza, alikuwapo mkunga mcha Mungu, jina lake Bibi Orie. Mja huyu aligombea udiwani, jambo ambalo hakuna mwanamke wa huko aliyewahi kulithubutu. Wanaume walicheka hadi wakashika mbavu. "Diwani wa nepi!" walimwita, na wengi wao yeye ndiye aliyewafunga nepi ya kwanza.

Hakutaka cheo, alitaka bomba la maji. Alichoka kuwaona wajawazito wakiteleza kwenye barafu wakiwa wamebeba ndoo za maji ya kijito.

Kura zikahesabiwa. Subhanallah! Yeye na Bwana Genzaburo, aliyekuwa diwani kwa miaka ishirini, wakalingana sawasawa. Sheria ya huko ni kwamba waliolingana huchomoa vijiti, na mwenye kupata chenye alama nyekundu chini ndiye mshindi. Karani Yohei, ambaye wajukuu wake wote sita walizaliwa mikononi mwa Bibi Orie, akaleta vijiti viwili ndani ya kopo. Alipompitia karibu akamnong'oneza, "Mama Mkunga, chukua chenye ufa."

Maji ya kijiji kizima yalikuwa pale mbele yake. Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Naomba vibadilishwe," alisema. "Hivi nimeshavijua, na msiniulize nimevijuaje. Na Bwana Genzaburo achomoe kwanza, mimi nitachukua kitakachobaki."

Wanawake waliojazana madirishani waliguna kwa uchungu. Karani aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva kwa haya. Mtu mwingine akaleta vijiti vipya. Bwana Genzaburo akachomoa, akakigeuza, akakigeuza tena. Hakikuwa na alama.

Loo, furaha iliyoje! Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja, na mmoja akarusha kiatu chake cha mti hadi juu ya paa. Bwana Genzaburo aliinama mbele ya mkunga mpaka kiunoni.

"Ningekuwa mimi, Mama Mkunga, ningechomoa kile ulichokwisha kukijua," alisema. "Haya, niambie, kesho nije na jembe saa ngapi?"

Tazameni, ndugu zangu. Bibi huyu aliuachia ushindi uliokwisha kufika mkononi, Mola akamrudishia, tena akamwongezea mpinzani wa kumchimbia mtaro wa bomba. Sisi tunaong'ang'ania vya kuiba, tunaogopa nini?