Mikono Minne Tanurini

Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakutaja mwenyeji anaumwa nini. Wengi wetu tukiisikia methali hiyo hufikiria tumbo: mgeni akibisha hodi kuku hukamatwa, na mwenye nyumba aliyeshindia majani wiki nzima naye akapata paja. Si uongo. Lakini yako maradhi ambayo mchuzi wa kuku hauyafikii, na Varsenik wa kijiji cha Artadzor, katika milima ya Armenia, aliugua maradhi hayo miaka saba, hali mwili wake mzima, mikono yake ina nguvu na ulimi wake mkali kuliko pilipili.

Ugonjwa wake uliishi ng'ambo ya njia. Njia yenyewe ni nyembamba, punda wawili hawapishani bila kugombana, na upande wa pili, kwenye nyumba yenye roshani ya mbao, aliishi mdogo wake Knarik, baba mmoja mama mmoja. Kila asubuhi Varsenik alimwona akianika nguo. Kila jioni alimsikia akikohoa. Kusemezana, hapana. Kuku wa Knarik wakivuka, Varsenik humwambia mwenye duka, "Mwambie mtu wa roshani kuku wake wamenimalizia nyanya." Na Knarik, aliyesimama papo hapo akinunua chumvi, humjibu mwenye duka, "Mwambie mtu wa nyanya ajenge ua." Maskini mwenye duka alichoka kuwa mkalimani wa watu wa lugha moja.

Chanzo kilikuwa hiki. Knarik na mumewe walikwenda Urusi kutafuta riziki, kama nusu ya kijiji, wakamwacha mama mzazi mikononi mwa Varsenik. Majira ya baridi ya mwaka wa tatu, mama akaugua, akawa hatoki kitandani. Sasa, watu wa huko wana desturi moja: aliye ugenini hapelekewi habari mbaya. Hufichwa, akabembelezwa kwa uongo mtamu, kwa hoja kwamba aliye mbali hana la kufanya ila kulia. Knarik alipopiga simu aliambiwa mama amelala. Alipopiga tena, mama yuko kanisani. Wiki sita nzima mama alikuwa kanisani. Ilipopita siku ya arobaini tangu maziko, ndipo Varsenik alipomwambia ukweli. Knarik akarudi, akaenda makaburini moja kwa moja bila kuvua koti, na tangu siku hiyo dada yake akawa mtu wa nyanya.

Kijiji kilimtetea Varsenik. Njia ya milimani ilikuwa imezibwa na theluji, walisema, Knarik angefikaje? Na desturi ni desturi. Varsenik aliitikia kwa kichwa, na kila aliyemtetea alimzidishia uchungu, kwa kuwa mla ndizi husahau, mtupa maganda hasahau, na yeye alijua alichokitupa. Alimtamani mdogo wake waziwazi, kama mtu anavyotamani maji. Alitamani kicheko chake, alitamani hata kikohozi chake kisikike ndani ya nyumba yake. Zaidi ya yote alitamani mikono yake. Lavashi, ule mkate mwembamba kama shuka, si mkate wa mtu mmoja: mmoja husukuma donge na kulirusha mkononi mpaka lipanuke, mwenzake hulipokea, akalitandaza juu ya mto mgumu wa kitambaa, akainama na kulipiga kwenye ukuta wa tanuri lililochimbwa ardhini. Tangu utotoni Knarik alisukuma, Varsenik akapiga. Sasa alisaidiwa na jirani yake Shoghik, mwanamke mwema, ila alirusha donge kana kwamba anafukuza nzi.

Jumamosi moja ya Oktoba, Nazeli alikuwa amesimama mbele ya nguzo za hekalu la Garni na wageni kumi na mmoja kutoka Uhispania. Nazeli ni mwongoza wageni wa Yerevan, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kufika nyuma ya basi bila kipaza sauti. Safari yake ilikuwa ileile kila wiki: asubuhi hekalu la wafalme wa kale, kisha monasteri ya Geghard iliyochongwa mwambani, na mchana kushuka Artadzor kwa Varsenik, kuona mkate ukiokwa na kuula. Alikuwa katikati ya habari za tetemeko lililoliangusha hekalu zima, simu ikalia.

"Nazeli mpenzi," alisema Varsenik, "Shoghik hayupo. Mkaza mwanawe kashikwa uchungu alfajiri, wamekimbilia mjini."

"Mungu amsaidie. Basi niwapeleke kijiji cha pili, Mama Varsenik? Kule wapo wanawake watatu."

"Ulishawaambia wanakuja kwangu?"

"Tangu jana."

"Basi waje. Aliyeambiwa njoo haambiwi rudi. Unataka nife kwa aibu?"

"Lakini utaoka na nani? Mama, usinikasirikie. Ng'ambo ya njia kuna mtu..."

"Ng'ambo ya njia kuna ukuta," alisema Varsenik, akakata simu.

Nazeli alishusha pumzi. Miongoni mwa wageni alikuwamo bibi mmoja mfupi, Casilda, mjane wa mwoka mikate, aliyepanda ngazi ndefu za hekalu kwa fimbo yake na kukataa kushikwa mkono. Alikuwa ametazama nguzo, akatazama mawe mapya yaliyotiwa palipokosekana ya zamani, akauliza swali moja tu.

"Lilianguka lote?"

"Lote, bibi. Mawe yalilala chini karibu miaka mia tatu."

"Na hakuna aliyeyaiba?"

"Machache. Mengi yalikuwa papo hapo. Ilikuwa kazi ya kuyainua tu."

"Ahaa," alisema Casilda, akakaa juu ya jiwe kupumzisha goti.

Kule Geghard walisikiliza maji yakidondoka ndani ya mwamba, wakawasha mishumaa, na saa saba basi likashuka Artadzor. Mezani kwa Varsenik palikuwa pamejaa: jibini, majani mabichi ya bustanini, nyanya zilizonusurika na kuku, mtindi, jozi za mwaka ule. Tanuri lilikuwa limewaka tangu asubuhi, makaa yake mekundu. Pembeni mwake Varsenik alipiga magoti peke yake, kitambaa kichwani, uso umemwiva kwa joto.

Alianza vizuri, kisha mambo yakaanza kumwendea kombo. Alipokuwa akisukuma donge, mkate uliomo ndani uliungua. Alipowahi kuubandua kwa ndoana, donge lilikauka mbaoni. Wa kwanza ulitoka mweusi. Wa pili ulianguka makaani. Wageni walicheka kidogo kwa adabu, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kutazama vidole vyao. Nazeli alisimulia kwa sauti kubwa historia ya ngano, na hakuna aliyemsikiliza.

Casilda alisogea hadi ukingoni mwa tanuri. "Muulize," alimwambia Nazeli, "mikono ya pili iko wapi?"

Nazeli alitafsiri akiwa na hofu. Varsenik alifuta jasho, na macho yake, bila ruhusa yake, yakavuka njia. Kule juu ya roshani Knarik alikuwa amekaa na beseni la jozi mapajani, nyundo mkononi, hajavunja hata jozi moja.

Mgeni hajui mipaka ya ugomvi wa wenyeji. Watu wa Artadzor kwa miaka saba walipita katika njia ile kwa tahadhari, kasisi akiwa mmoja wao. Casilda aliivuka kwa hatua kumi na tano za goti bovu. Akasimama chini ya roshani, akainua fimbo yake juu, akaitikisa, akasema maneno mengi ya Kihispania.

"Huyu bibi anataka nini?" Knarik alimuuliza Nazeli aliyekuja mbio nyuma.

"Anasema mkate wa watu unaungua na wewe umekaa kama uko sinema."

"Mwambie mimi si wa nyumba ile."

Nazeli akatafsiri. Casilda akatazama roshani, akatazama tanuri, akatazama tena roshani, akasema neno fupi.

"Anasema pua zenu ni moja."

Knarik aliweka beseni chini. Ni vigumu kumwacha ajuza aliyetoka mwisho wa dunia akisimama juani kwa goti bovu, na mwanamke wa Artadzor aweza kumnunia dada yake mpaka kiama, lakini kumwaibisha mgeni hawezi. Alishuka akifunga kitambaa kichwani. "Nakuja kwa ajili ya mgeni," alisema mlangoni, bila kumtazama mtu. "Mgeni tu."

Alipiga magoti upande wa pili wa tanuri, akachukua mti wa kusukumia. Donge la kwanza likaruka kutoka mkono huu hadi huu, likapanuka. Varsenik aliinua mto bila kutazama, donge likatua katikati. Akainama, akapiga. Mkate ukajaa mapovu, ukageuka rangi, ukatoka. Wa pili. Wa tatu. Wa kumi. Mikono ile minne haikuwa imesikia habari za ugomvi. Wageni walipiga makofi, na Varsenik aliinamia tanuri muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, wasimwone machozi.

"Nani aliwafundisha?" aliuliza Casilda.

Nazeli akatafsiri. Knarik akamjibu Nazeli: "Mwambie ni mama yetu."

"Yu hai?"

Mti wa kusukumia ukasimama. "Hilo amuulize mwenye nyumba. Mimi niliambiwa yuko kanisani."

Varsenik angeweza kutoa jibu la siku zote, lile la theluji na desturi. Alilijua kwa moyo. Lakini mbele yake alikuwa amekaa ajuza asiyemtetea wala kumlaumu, akingoja tu, na mwenye siri inayomuunguza humwambia mpita njia kabla ya ndugu.

"Mwambie amekufa," alimwambia Nazeli, akitazama makaa. "Mwambie watu wanasema nilimficha mdogo wangu asiumie. Si kweli. Njia ya milimani ilifunguliwa mara mbili majira yale. Mama alikuwa amebaki mifupa, halii, hali, lakini hafi. Kila mlango ukigongwa na upepo anauliza, 'Knarik kaja?' Daktari alisema wiki moja, akaishi sita. Nikajua anamngoja. Nikajiambia, akija Knarik, mama atamwona, atafumba macho. Asipokuja, hatakufa." Alichokora makaa kwa ndoana. "Nilimzuia mdogo wangu ili nibaki na mama. Siku ya mwisho nilimwambia mama, Knarik yuko njiani. Nilimdanganya naye. Kisha nikamwambia Knarik kwamba alikufa usingizini, hakumtaja mtu. Mwambie hivyo bibi. Mwambie miaka saba sijapata wa kumwambia."

Nazeli alikuwa ameacha kutafsiri zamani. Casilda hakumwomba aendelee. Aliweka kiganja chake mgongoni mwa Varsenik, akakiacha pale. Ndani ya tanuri mkate mmoja uliungua na hakuna aliyeutoa.

Knarik aliweka chini mti wa kusukumia. "Alinitaja?" aliuliza hatimaye, na hakumuuliza Nazeli.

"Kila mlango ukigongwa."

"Miaka saba nakwenda kaburini kumwomba radhi, nikidhani alikufa amenisahau. Nikasema ndio malipo yangu ya kwenda mbali. Na wewe ulijua!"

"Nilijua."

"Uliniibia, Varsenik. Wewe mwizi. Wewe..." Akamrushia konzi ya unga, ukamwagika wote kifuani mwa dada yake. Wageni walirudi nyuma. Kisha Knarik akazunguka tanuri kwa magoti, hakusimama hata kidogo, akakishika kile kichwa chenye kitambaa kwa mikono yake miwili ya unga, akalia kilio ambacho hakuwa amelia makaburini. Alisema neno ambalo watu wa huko huambiana kila siku hata sokoni, mpaka wakasahau uzito wake: "Dada, maumivu yako niyachukue mimi."

Wageni walikula mkate ulioungua na ulioiva, wakasema wote mtamu. Ulipofika wakati wao waliondoka. Hawakupata wa kuwasindikiza, aibu ambayo haikuwahi kutokea nyumbani kwa Varsenik, kwa sababu dada wawili walikuwa wamekaa ukutani wakivunja jozi na kusimuliana juu ya marehemu, wakikatizana, wakibishana kama alipenda chai ya sukari au bila sukari. Nazeli alifunga lango taratibu. Ndani ya basi Casilda aliuliza kama wale wanawake wamefurahi kwa ugeni wao, na Nazeli aligeukia dirisha asionekane analia.

Basi usiseme mgeni ni mzigo, wala usihesabu vijiko vilivyochafuka. Waliosema walikuwa wameona: mgeni njoo, mwenyeji apone.