Panya Wenye Kibati Sikioni

Hapo zamani, si zamani za babu bali za juzi tu, wachimbaji walifunga machimbo yao wakaacha kilima cha udongo wa kijivu juu ya kijiji.

Akaja mtaalamu, Bi Atuganile, kutafuta kama udongo ule una sumu. Hakupima watu, alipima panya. Panya hula kinachoota pale, hunywa kinachotiririka pale, na hulala ndani ya udongo wenyewe. Aliwapasua wachache. Wengine akawavalisha kibati sikioni, akawaachia, ili awapasue baada ya kiangazi.

Akawaambia wanakijiji, "Wenye kibati ni wangu. Msiwaguse."

Sasa, kijijini pale panya ni kitoweo, na desturi ni moja: panya ni wa aliyemfukua. Chitanda, mfukuaji hodari, akacheka. "Panya wa porini ana mwenyewe? Basi na kumbikumbi tuwaombee ruhusa!"

Akafukua kilimani, akang'oa vibati, akampelekea dada yake Somoe, mjane. Mwaka ule mahindi yalikauka yangali machanga.

Somoe aliona masikio yamechanika. Akawabanika hivyo hivyo. Mtoto mdogo alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo Esha, mkubwa, alipewa fungu lote. Mama alikunywa uji.

Esha akavimba uso. Akavimba miguu. Mkojo ukakata. Akafa kiangazi kikiisha.

Kwao, aliyesababisha kifo hufunga mzigo akahama kabla ya arobaini. Jumbe wa kijiji akawaita wote watatu.

Chitanda akasema, "Ahame mtaalamu. Alisema panya ni wake, hakusema wana sumu. Mimi mjomba mtu, ningemlisha Esha sumu?"

Bi Atuganile akasema, "Wale wa kwanza niliwakuta figo zimeharibika. Lakini panya wachache si ushahidi, Jumbe. Ningekosea, mngeacha mashamba bure. Nilingoja wenye vibati. Nani aliving'oa?"

"Ulingoja," Chitanda akamjibu. "Esha naye alikuwa anakula."

Somoe akasema, "Acheni kugombana juu ya mwanangu. Niliyewabanika ni mimi. Masikio niliyaona, nikajua ni mali ya mtu. Nikasema njaa haina adabu."

"Basi utahama wewe?" Jumbe akauliza.

"Na huyu wa mgongoni nimwachie nani? Kaburi nilipalilie nikiwa wapi?"

Jumbe akapiga hesabu. Mtaalamu akihama, nani atapima kisima, na mvua inakuja kuushusha udongo ule? Chitanda akihama, nani atamsemea dada yake, na nani mwingine anajua panya waliobaki kilimani wamehamia mashimo gani, ili wapimwe? Somoe akihama, Esha anazikwa mara ya pili.

Wingu limeshatanda juu ya kilima, na arobaini ni kesho. Enyi mnaosikiliza, mngekuwa Jumbe, nani afunge mzigo?