Taa ya Kushoto Iliyotazama Juu

Fungeni mlango kwanza. Mmefunga na komeo? Basi kaeni, wakubwa kwa watoto, nataka nimalize kabla mwanangu hajaamka, kwa sababu kesho asubuhi anatolewa nje na bado hana jina, na ninyi ndio mtakaoniamulia.

Watu ni watatu. Asukile, shemeji yangu, kipaji chake ni usukani: hata kwenye utelezi wa masika gari linamtii, tena gari lenyewe limemzidi umri. Ngwitika, wifi yangu, dada yake Asukile, kipaji chake ni nguvu: anapasua kuni kuliko wanaume wa ukoo mzima na hasira yake haina breki. Na Gwakisa, jirani yetu, fundi umeme wa magari pale senta, ambaye mikono yake hufufua hata redio iliyokwisha kutupwa jalalani.

Taa za lile gari zilikuwa za njano, zimechoka, ukiziwasha inabidi ushuke uangalie kama zimewaka. Mimba yangu ilipofika mwezi wa nane Asukile akasema hawezi kunipeleka hospitali kwa kupapasa, akanunua balbu mbili za LED, akampelekea Gwakisa azifunge.

Sasa mafundi wa senta wana kawaida yao. Wakishafunga balbu wanaliegesha gari mbele ya ukuta mweupe wa ghala la chai, wanawasha, wanatazama mwanga unakatia wapi, kisha wanazungusha balbu mpaka mstari ulale chini. Siku ile kwenye ukuta ule kulikuwa na msiba, wafiwa wamekaa wameegemea, na kwetu humwashii mfiwa taa usoni. Gwakisa akaona haya, akafunga kwa kukisia. Ya kulia ikakaa vizuri. Ya kushoto ikakaa juu chini, mwanga wake ukawa unapanda kwenye migomba. Wiki nzima madereva walitutukana, mmoja akamuuliza Asukile kama anawinda popo. Gwakisa akasema msiba ukiisha, Jumatatu, atairekebisha.

Uchungu ulinishika Jumapili, saa moja jioni, giza ndiyo kwanza linaingia.

Tulikuwa watatu ndani, Asukile kwenye usukani, Ngwitika na mimi nyuma. Pale barabara inapokata kilima, kingo zimesimama huku na huku kama kuta, tukakuta gogo limelazwa. Asukile akafunga breki, na kabla hajarudi nyuma jiwe likapasua kioo cha mbele, vipande vikaniingia kwenye nywele, kifuani, mdomoni.

Jiwe la pili lilikuwa langu. Nasema langu kwa sababu nilimwona aliyelishika, juu ya ukingo wa kushoto, ameliinua kwa mikono miwili, amekuwa mweupe kama aliyepakwa chokaa, na mwenzake kando yake na panga. Ile taa mbovu ilikuwa imewapiga machoni wote wawili. Akafumba, akarusha, jiwe likaangukia boneti. Taa iliyofungwa sawasawa ingetuonyesha gogo tu, na mimi leo nisingekuwa na kichwa cha kuwasimulia. Hiyo ni kazi ya Gwakisa, na wakati ule Gwakisa alikuwa kwake anakula ugali.

Wa tatu wao alitoka kulia, nyuma ya taa, hakumulikwa. Akaanza kumkata Asukile kupitia dirishani. Lile gari betri yake ilikuwa imekufa, huwashwa kwa kusukumwa, injini ikizimika na taa zinakufa nayo, na Asukile alilijua hilo. Angeweza kurukia upande wa pili akakimbia. Hakuondoa mguu kwenye mafuta. Panga la kwanza likafungua mkono mpaka mfupa, la pili likaondoka na vidole viwili, na injini inanguruma vilevile. Aliniambia neno moja tu, taratibu kabisa: "Shemeji, usitazame huku."

Ngwitika alikwishashuka. Wale wawili wa ukingoni walikuwa wameteremka wanajifuta macho, na yeye akawajia na taa mgongoni, mkononi spana ya tairi, hawakumwona. Wa kwanza alimvunja taya. Wa pili alimpiga kichwani, akaanguka na hakuinuka tena, na mlio ule mimi nausikia kila kuni inapopasuliwa. Kisha akamgeukia wa dirishani, akampiga begani, panga likaanguka, mtu yule akakimbilia migombani pamoja na yule wa taya. Damu imemlowesha Ngwitika mpaka viwiko, akaweka bega kwenye gogo, akalisukuma, akarudi kukaa kando yangu. "Wifi, bana miguu," akasema, "nimechoka, sitaki kazi nyingine."

Asukile akaendesha kwa mkono mmoja, na mtoto alizaliwa mlangoni mwa hospitali.

Sasa mama mkwe anasema mtoto apewe jina la aliyemwokoa, jina moja, siyo matatu, kwa sababu katika ukoo huu somo, yule mwenye jina, ndiye anayemchukua mtoto mama yake akiondoka duniani. Mume wangu yuko machimboni, kanipigia simu, kasema nichague mimi niliyekuwemo garini.

Nao jana walibishana hapa hapa. Ngwitika alisema taa haikumvunja mtu taya. Asukile akainua mkono wenye bandeji akamuuliza, bila injini angempiga nani gizani? Gwakisa akasema yeye alikosea na anaomba radhi, na Ngwitika akamcheka, kwamba akosee tena basi, tuone. Lakini Gwakisa akiondoka alisimama mlangoni. "Dada, ningeufuata ule ukuta wa ghala," akaniambia, "leo tungekuwa tumeuegemea sisi."

Mmoja alikufa. Wawili wako nje, wananijua uso, wanalijua gari. Kila gari likipita hapa nashika komeo. Kwa hiyo simtafutii mtoto jina zuri, natafuta wa kumwachia. Nimwachie Asukile aliyebaki na vidole vitatu mkono wa kulia, ambaye hakukimbia? Nimwachie Ngwitika aliyeua kwa ajili yetu, na usiku huu analala na spana chini ya mto? Au Gwakisa, aliyeona haya kuwamulika wafiwa, na kwa haya hiyo sisi tukapona?

Mtoto anageukageuka, anataka kuamka. Semeni upesi: mngekuwa ni ninyi mmempakata, kesho mngemwita nani?