Bi Noa Aliyekonyezwa

Paukwa!
— Pakawa!
Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba? Paukwa!
— Pakawa!
Kwenye kina kuna nini?
— Kuna mtu na upweke wake!
Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kasa mmoja jike, mgongo wake wa ngozi, jina lake Bi Noa. Alikuwa mkubwa, mkubwa hasa, lakini hakuwa na mtu. Kasa ndivyo walivyo. Wakianguliwa, kila mmoja anakimbilia maji kivyake, hakuna cha dada wala cha mama. Bi Noa alifika utu uzima bila kuulizwa hata siku moja, "Umeamkaje?"

Alijaribu, maskini. Alimpigia hodi Nguru. Nguru akasema, "Nina haraka," akapita. Akampigia hodi Pweza. Pweza akasema, "Sipo," akaingia pangoni. Akampigia hodi Chewa. Chewa akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe ni wa nani?" Bi Noa akageuka akaenda zake.

Aliyekuwa naye ni Chazo peke yake, yule samaki mdogo anayeganda tumboni pa wakubwa apate makombo. Na Chazo hakuwa rafiki, alikuwa mpangaji tu.

Mwaka huo Bi Noa akashika mayai, mara yake ya kwanza. Safari ya kwenda pwani kutaga ni miezi miwili ya kuogelea, na njiani hakuna cha kula. Kasa asiyeshiba kabla ya safari hiyo hafiki, na mayai yake humfia tumboni. Basi njaa ikamvuta mpaka bahari ya baridi, bahari asiyoijua.

Akafika. Lo! Bahari imejaa! Viumbe laini, weupe, wanatetemeka kama uji uliopoa, maelfu kwa maelfu. Na wote wanafumba na kufumbua. Fumba, fumbua. Fumba, fumbua.

Chazo akapiga kelele kule chini: "Konyeza, Bi Noa! Konyeza hao!"

Sasa ninyi watu wa pwani mnamjua konyeza, yule mnyama laini wa baharini, akikugusa unawashwa mpaka ukome, ila kwa kasa ni chakula. Bi Noa hakumjua. Yeye alijua konyeza moja tu, ile ya jicho, mtu akikufumbia moja ujue anakuita. Wewe uliyekaa karibu na Mwanaisha unaijua sana, usijifanye.

"Wananikonyeza?" akauliza. "Mimi?"

"Wewe, nani tena! Wote hao wamekuja kwa ajili yako!"

Bi Noa akaona haya, akainamisha kichwa. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita. Akaingia katikati yao, akasema, "Hamjambo? Poleni na safari."

Hawakujibu. Lakini hawakuondoka, na hawakumuuliza yeye ni wa nani. Fumba, fumbua. Akakaa.

Wiki ya kwanza Chazo akasema, "Bi Noa, kula. Msimu huu ni mwezi mmoja tu."

"Nile walioniita? Una wazimu!"

Wiki ya pili akasema, "Bi Noa, kula. Mifupa imeanza kukutoka."

"Nile walioniita? Huna adabu!"

Wiki ya tatu Chazo akachoka. "Bi Noa, kula. Mayai yatakufia humo humo, na mimi nina njaa."

"Nile walioniita? Nenda zako!"

Naam, akaenda zake. Papa alikuwa anapita, Chazo akabanduka akamganda Papa, hata kwaheri hakusema. Pale tumboni alipokuwa ameganda pakabaki baridi. Bi Noa hakudhani kama angepasikia.

Wiki ya nne mkondo ukageuka. Konyeza wakaanza kuchukuliwa, kundi baada ya kundi. Bi Noa akawafuata, anahema, nguvu hana, mayai yamemlemea.

"Ndugu zangu, mnakwenda wapi?" Fumba, fumbua.

"Nimewakosea nini?" Fumba, fumbua.

"Basi mbona mlinikonyeza?"

Hapo konyeza mmoja mzee, wa mwisho katika kundi lake, akajibu kwa sauti nyembamba. "Nani anasema?"

"Mimi! Bi Noa! Mliyenikonyeza mwezi mzima!"

"Kukonyeza ndiyo kufanya nini?"

"Kufumba jicho."

Konyeza akasema, "Mama, sisi hatuna macho. Tunafumba na kufumbua mwili ili tusizame. Hatukujua kama hapa kuna mtu."

Bi Noa hasira hakuwa nayo, angemkasirikia nani? Uchungu ndio ulimjaa, akasikia mayai yanamvuta chini. Akasema, "Nisamehe." Akafungua mdomo.

Akala. Akawafuata waliobaki siku saba, akala huku analia, akala mpaka akashiba. Machozi hayakukatika. Akaogelea miezi miwili, machozi yale yale, akafika pwani, akapanda mchangani.

Kaa mmoja alimwona, akampa shauri. "Mama, yatawanye mayai. Mwizi akifukua asiyapate yote."

Bi Noa akakataa. Akachimba shimo moja tu, akayaweka yote humo, yai juu ya yai, yakagusana. "Wanangu watakuwa peke yao maisha yao yote," akasema. "Hizi siku sitini kabla ya kuanguliwa wakae pamoja."

Akafukia, akarudi majini.

Mpaka leo ukimkuta kasa anataga, machozi yanamtoka. Watu husema ni mchanga umemwingia. Waacheni waseme.

Funzo lake ni hili: mpweke akiona kitu kinafumba na kufumbua hudhani anaitwa. Uliza kwanza kama kina macho.

Hadithi yangu imefika ufukweni. Tamu yake chukueni, chumvi yake niachieni mimi. Na sasa mmoja wenu aniinue, mguu umekufa ganzi, na nyote naona mnatazama mlango.