Mbuzi Aliyezuia Mdomo Wake

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa wapi?

Pakawa palipokauka.

Basi sogeeni karibu, msikanyagane, na anayetafuna muhogo atafune polepole.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama waliposemezana bila mkalimani, palikuwa na nchi ikiitwa Naoyatir. Nyasi zake zilimfika swala tumboni. Lakini watu wakakata migunga, mifugo ikala mpaka mizizi, upepo ukabeba udongo. Ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji yalipita mbio, hayasimami hata kusalimia.

Katika boma la Ekal na mkewe Nakiru aliishi mbuzi jike, mzee, mwenye pembe moja. Wakamwita Kipembe.

Siku moja Ekal akakusanya watu na wanyama. Akasema, "Tunangoja mvua moja tu. Ikipita bila majani kuota, tunahama. Ni mwendo wa siku saba, na Kipembe hauwezi. Huyo tutamla siku ya kuondoka."

Naye Kipembe alikuwa amesimama papo hapo! Hebu fikirini, jina lako linatajwa pamoja na mchuzi, na masikio unayo. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Tembo akasema, "Msihame. Nitaotesha mimi." Akaenda mtoni, akarudi na migomba kumi mgongoni, akaipanda. Jua likawaka siku moja, likawaka siku mbili. Siku ya tatu migomba ikalala chini. Ardhi ikanyamaza.

Sungura akasema, "Tembo ana nguvu, akili hana. Nipikieni kunde, kesho mtaona msitu." Wakampikia, akala akashiba. Asubuhi wakakuta msitu kweli, kijani kitupu. Watu wakacheza ngoma. Siku ya tatu majani yakasinyaa. Nakiru akavuta mti mmoja, ukatoka mkononi mwake bila mzizi. Lilikuwa tawi tu, limechomekwa mchangani. Sungura wakamfukuza mpaka akasahau mkia wake ulikuwa wa urefu gani. Ardhi ikanyamaza.

Kipembe akaingia kwa Nakiru. "Mama, naomba kitu kidogo."

"Sema, bibi."

"Naomba mavi."

Nakiru akacheka mpaka akakaa chini. Sasa sikilizeni. Watu wa Naoyatir walikuwa na desturi yao. Kila mwezi ukiandama, wanawake walifagia mavi ya bomani, wakayachoma moto, nchi ipate kutakata. Walifanya hivyo miaka na miaka, na walijisifu kwa usafi wao.

"Usicheke, mama," Kipembe akasema. "Kule bondeni imebaki migunga mitatu. Kila siku nakwenda kula maganda yake yaliyoanguka, na nyasi kavu zenye mbegu. Ganda linasagika tumboni, mbegu haisagiki. Inatoka nzima. Nanyi kila mwezi mnaichoma."

Nakiru akainuka. Akachukua kijiti, akapasua kinyesi kimoja. Mbegu nne zikamtazama.

"Mungu wangu," akasema, "kumbe ni mimi niliyekuwa nachoma msitu."

Mwezi ulipoandama, Nakiru hakuwasha moto. Wakamwita Nungunungu, fundi wa kuchimba, akachimba vishimo mia tatu vya kukinga maji. Nakiru akatia mavi katika kila kishimo. Kisha wakazungushia miiba. Majirani wakapita wameziba pua.

Mvua ikaja, ikanyesha alasiri moja. Maji yalipotaka kukimbia yakatumbukia vishimoni. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, jamani, ncha za kijani zikachomoza, laini, mbichi, zinanukia!

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kipembe alikuwa na njaa ya mwaka mzima, na mbuzi ni mbuzi. Mate yakamjaa. Watu wakajipanga nje ya miiba kutazama.

"Atakula," Ekal akasema.

Kipembe akainama, akanusa. Ulimi ukatoka wenyewe, akaurudisha. Akageuka, akaketi mlangoni pa ule uwanja, mgongo kwa majani, uso kwa mbuzi wenzake.

"Rudini," akawaambia. "Kama mimi sili, hakuna atakayekula."

Ng'ombe wakaja, akawarudisha. Punda wakaja, akawarudisha. Akashinda hapo mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu, akitafuna tu maganda ya bondeni aliyoletewa na Nakiru. Akakonda, lakini hakuondoka.

Nyasi zikakomaa, zikamwaga mbegu. Migunga michanga ikasimama. Ndege ambao watoto hawakuwajua hata majina wakaja kujenga viota. Hakuna aliyesema tena habari ya kuhama.

Asubuhi moja Ekal alikuja na mzigo wa nyasi kichwani, mwenyewe, mwanamume na heshima zake. Akapiga magoti.

"Bibi, nilitaka kukula. Naona haya. Nimekuletea chakula."

Kipembe akauonja, akatafuna taratibu, akafumba macho kwa raha.

"Weka hapo," akasema. "Na kesho uje mapema."

Funzo lake ni hili, wanangu: nchi iliyochoka huponywa na mbegu zake yenyewe, zilizolizoea jua lake. Kabla hujaagiza cha mbali, chungulia kwanza unachokichoma moto. Kikishaota, zuia mdomo wako.

Hadithi imefika nyumbani, imevua viatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi.