Bolti ya Daraja la Shekiondo

"Rangi haiponyi kutu." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe aliyemletea kitenge kipya, nanyi mkacheka. Methali hiyo ilizaliwa hapa kwetu, na mimi nilikuwepo.

Mtoni palikuwa na daraja la waya la shamba la mkonge. Mtunzaji wake, Shekiondo, alikuwa amefiwa na mke na aliishi peke yake ng'ambo ya mto. Kila mgeni mkubwa alipotarajiwa, alilipaka daraja rangi ya fedha likang'aa, nasi tukamsifu.

Siku moja ya gulio, bolti iliyoshika waya ilikatika. Hemedi, mwana wa Bi Mashuve, akaanguka akavunjika nyonga, na hakutembea tena. Watu wakanong'ona kwamba Shekiondo alilegeza nati ili auze chuma. Hakuna aliyemtukana. Tuliacha tu kumsalimia, siku arobaini, na mimi nimo. Naona aibu mpaka leo.

Shekiondo akaiokota ile bolti, akakaa nayo mlangoni kwake siku nyingi, maana hakuwa na mwingine wa kukaa naye. Nati ilikuwa bado imekaza. Hiyo pekee ilitosha kumsafisha, lakini aliendelea kuchunguza. Pale ilipokatika palikuwa na kutu karibu pote. Sehemu iliyong'aa, iliyokatika siku ile, ilikuwa ndogo kama ukucha. Kumbe bolti ililiwa miaka mingi. Akakwangua rangi, akahesabu matabaka saba, na chini yake kutu tupu.

Akavuka mto kwa miguu hadi barazani kwa Bi Mashuve, tulikokuwa tumekaa. Akamwonyesha nati, nasi tukainamisha vichwa.

"Lakini kutu niliiona, dada," akasema. "Wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Sikukwangua. Niliipaka rangi."

Bi Mashuve aliishika bolti kwa muda mrefu. "Ungenyamaza, tungekusalimia."

"Mngemsalimia mwingine, si mimi."

Bi Mashuve hakumsamehe siku ile. Ila asubuhi iliyofuata alisimama ukingoni akaita, "Shekiondo, umeamkaje?" Shekiondo akajibu kwamba ameamka salama, kisha akalia kama mtoto.

Daraja jipya lilipojengwa, vijana walikimbilia mikebe ya rangi. Shekiondo akawapa kwanza misasa ya kukwangulia chuma. Basi kitenge cha shangazi yenu ni kizuri, lakini mumewe bado hajaomba radhi, na rangi haiponyi kutu.