Kwa Nini Mapambo ya Vinara vya Irindinyi Yako Upande Mmoja

Hapo kale, watu wa Irindinyi, kule juu milimani, hawakuwa na vinara. Nyuki walikuwa tele, na kila nyumba ilijitengenezea mishumaa yake ya nta. Mtu alidondosha nta kidogo juu ya jiwe lolote, akasimamisha mshumaa hapo, basi. Ukianguka, uliinuliwa.

Nyumba moja ilikuwa ya Wakesho, aliyeishi na mumewe, mama mkwe wake Mkawasi, na binti yake mdogo, Mghoi. Jioni moja Wakesho alikuwa akisonga ugali na mtoto akicheza karibu na jiwe. Mshumaa ukaanguka. Nta ya moto ikamwagikia mkono wa Mghoi, na upindo wa nguo yake ukashika moto. Wakesho aliuzima kwa viganja vyake.

Mkono ulipona, likabaki kovu. Hofu haikupona. Mshumaa ukiwashwa tu, Mghoi alitoka nje. Alikula gizani, na hata mvua iliponyesha alijibanza ukutani huko huko. Mkawasi hakumlaumu mkwewe kwa neno lolote, ila alianza kumlisha mtoto yeye mwenyewe. Wakesho alielewa maana yake, na hilo lilimuuma kuliko viganja.

Akaenda mtoni kuchimba udongo wa kufinyangia. Alifinyanga kitu ambacho hapo kwao hakikuwa na jina: kitako kipana ili kisianguke, juu shimo la kushika mshumaa, na ukingo wa kuzuia nta isitiririke. Alipokichoma na kukiwashia mshumaa, Mghoi alikitazama kutoka mlangoni, akaenda zake nje.

Wakesho akafinyanga cha pili. Safari hii udongo ukiwa bado mbichi alimpa mtoto, pamoja na mbegu za kunde, akaenda kukata kuni. Aliporudi alikuta mbegu zote zimekandamizwa upande mmoja, zimesongamana. Upande wa pili ulikuwa na alama za vidole tu.

Mkawasi alinyoosha mkono ili azipange vizuri.

“Usikiguse, mama,” Wakesho alisema. Hakuwahi kumkataza jambo kabla ya hapo. “Ukikirekebisha kitakuwa chako. Nataka kiwe chake.”

Mkawasi akarudisha mkono. “Basi kichome taratibu,” alisema, “kisije kikapasuka.”

Motoni mbegu ziliungua, zikaacha vishimo. Mghoi alivijaza ushanga kwa nta laini, akazungushia uzi wa katani shingoni mwa kinara. Giza lilipoanza kuingia akalalamika kwamba haoni ushanga wake. Wakesho akachomeka mshumaa kinarani, lakini hakuuwasha. Akangoja, akalalamika tena, mwishowe akaomba kijinga cha moto. Wakesho alitamani kuushika mkono wenye kovu uliposogeza kijinga kwenye utambi, lakini akajizuia. Utambi ukawaka. Mtoto akaketi pale pale, akimwonyesha bibi yake ushanga mmoja mmoja, na wote wakala pamoja.

Majirani waliona, wakaiga. Na hadi leo, Irindinyi hawawashi mshumaa bila kinara, na kinara cha nyumba hupambwa na mtoto aliye mdogo kuliko wote. Naye ndiye hukiwasha kwanza. Ndiyo sababu mapambo yake yamerundikana upande mmoja. Mgeni akitaka kuyapanga, mwenye nyumba huushika mkono wake kwa upole, akamkaribisha mezani.